Morogoro Jazz katika Tepu za Redio

Wako walimu wenzetu wa Ngara na Biharamulo wasemao ya kuwa muziki wa dansi haustahili kupimwa na mtu aliyesoma. Huudharau mchana kutwa, kisha wakioza binti zao hupiga nyimbo zilezile hata alfajiri. Mimi naona yafaa tuupime kama tupimavyo shairi, maana umo ndani yake ufundi, na uzembe pia umo.

Natwaa mfano wa Morogoro Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Alijiunga nayo katika miaka ya 1960, akawa mpiga gitaa na mwimbaji wake mkuu. Mwaka 1970 walisafiri mpaka Japani, kwenye maonyesho ya Osaka. Mwaka 1973 akaiacha, akaunda Super Volcano. Tarehe 12 Januari 1979 alikufa Mombasa kwa ajali ya motokaa, hajatimiza miaka 35. Sisi tuliozaliwa nyuma yake twamjua kwa sauti tu. Lakini ni sauti ipi?

Maana ziko namna mbili. Kwanza ziko santuri zilizotolewa Nairobi. Upande mmoja wa santuri ndogo ulichukua dakika chache tu, basi nyimbo nyingi zilikatwa vipande viwili. Msikilizaji alilazimika kuinuka aigeuze, na mara nyingi aliinuka pale pale gitaa lilipoanza kuchemka. Pili ziko tepu za Radio Tanzania Dar es Salaam. Huko bendi nzima iliingia chumbani, ikapiga pamoja tangu mwanzo hata mwisho, wala hapakuwa na kupachika sauti moja juu ya nyingine baadaye. Akikosea mmoja, ama kosa libaki, ama wote waanze upya.

Wengi husifu santuri kwa usafi wake. Mimi nachagua tepu, pamoja na mikwaruzo yake. Humo twasikia gitaa la pili likishika njia bila kuyumba, saksafoni zikijibu, naye Mbaraka akinyamaza kidogo kabla ya kuingia tena. Kunyamaza kule ndiko ufundi wake hasa. Wenye vidole vyepesi walikuwa wengi. (Wamwitao Franco wa Tanzania hudhani wamempa heshima.)

Maneno yake hayana uzito sawa. Nyimbo kadhaa za mapenzi ni manung'uniko matupu, na mwanafunzi wangu angeziandika. Lakini alipouawa Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Desemba 1971, bendi ilimtungia wimbo, nchi nzima ikausikia.

Sasa tepu ni utepe uliopakwa unga wa sumaku. Joto na unyevu huula. Kuzinakili katika kompyuta ni kazi njema, ila wanaonakili wasizifue mpaka pumzi za wapigaji zikapotea. Tena waandike majina yote. Nakala niliyo nayo imeandikwa jina la Mbaraka peke yake. Aliyepiga gitaa la pili hakutajwa, hali ni yeye anayeubeba wimbo wote muda ule Mbaraka aliponyamaza.