Heshima, Leseni na Maandishi ya Mapenzi

Yasemwa mara nyingi kwamba jamii yenye kushika mila haineni habari za mahaba. Usemi huu si kweli. Jamii hiyo hunena sana, ila huchagua nani aneneye, nani asikiaye, na mahali gani. Nia ya makala haya ni kupima kwa kipimo hicho sheria za Tanzania juu ya maandishi ya watu wazima na biashara yake.

Tuanze Kisiba, wilayani Rungwe, katika nchi ya Wanyakyusa. Monica Wilson, aliyefanya utafiti wilayani humo miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha 1951, Good Company, jinsi wavulana walivyoondoka nyumbani kwa baba zao wakiwa na miaka kama 10 au 11, wakajenga kijiji chao cha marika. Sababu waliyoitoa wenyeji ilikuwa heshima: haifai mwana kujua mambo ya chumbani mwa wazazi wake. Mke wa mwana naye alimwepuka baba mkwe kabisa. Hata hivyo mafunzo ya ndoa hayakukosekana, kama yasivyokosekana pwani kwa kungwi na katika unyago. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Basi haya ilikuwa mpango wa masikio, wala haikuwa kufunga vinywa.

Sasa tutazame kitabu. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, nayo ikapigwa marufuku shuleni kwa sababu ya mambo ya mapenzi yaliyomo. Lakini kisa chenyewe ni nini? Ni binti aliyelelewa kwa ukali na baba mlevi, akapigwa kwa barua ya mvulana, asifundishwe lolote ila hofu. Alipopata uhuru wa shule na chuo, hakujua kuutumia. Mwisho wake alijiua. Mwandishi aliuonya umma kwamba kimya huua. Umma ukamjibu kwa kimya. Waliokatazwa kukisoma ndio hasa waliohitaji onyo lake.

Katika zama za intaneti, serikali ilichagua njia nyingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ilikataza ponografia kwa adhabu kali. Kisha Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zikamtaka kila mwenye ukurasa wa kuandikia umma awe na leseni: shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni, na 1,000,000 za kila mwaka. Aliyekaidi alikabiliwa na faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kanuni hizo zilifutwa na nyingine za 2020, lakini somo lake limebaki.

Matusi yalikatazwa hata kwa aliyelipa. Je, ada hiyo ilichuja nini? Haikutenga usafi na uchafu. Ilitenga mwenye fedha na asiye nayo. Mfanyabiashara wa picha chafu huficha jina lake, akaweka duka lake ng'ambo, na faida yake ikaendelea. Mwalimu wa kijijini atakaye kuwaandikia wanandoa au vijana mafunzo yenye adabu hana milioni mbili, wala hataki kuficha jina. Hivyo bei ikamnyamazisha mwenye haya, ikamwacha asiye nayo.

Hapana budi kukiri kwamba hofu ya serikali ina msingi. Simu imevunja kijiji cha marika: baba mkwe na mke wa mwanawe huweza kusoma ukurasa mmoja katika saa moja, na mtoto nyuma yao. Mpaka unahitajiwa. Lakini mpaka wa kweli huuliza maswali ya Wanyakyusa: msomaji ana umri gani? Maneno haya yanamfundisha au yanamnyonya? Aliyepigwa picha aliridhia? Ada haiulizi hata moja katika hayo.

Mhakiki naye ana wajibu. Asipojifunza kutofautisha Rosa Mistika na uchafu unaouzwa kwa kujificha, asimlaumu karani wa leseni akishindwa. Wazee wa Rungwe waliweka haya mahali pake kwa kujua nani asikie nini. Sheria isiyojua hivyo huweza kukusanya ada, lakini haitalinda heshima.