Munganga si kioo: juu ya kitabu cha Stephen Mitchell

Tukitaja sikanalizi, ni kusema kazi ya kutunza moyo kwa njia ya maongezi, wengi hufikiri Freud peke yake. Freud, munganga wa Vienna, alifundisha mwaka 1912 kwamba munganga awe kama kioo: amuonyeshe mugonjwa yale tu yanayotoka kwake mugonjwa. Kwa Freud, nguvu zinazosukuma mutu zinatoka katika mwili wake, zikitafuta kutulizwa.

Stephen Mitchell wa New York aliyapinga hayo katika kitabu chake Relational Concepts in Psychoanalysis, kilichotoka mwaka 1988. Alimusikiliza sana Fairbairn wa Edinburgh, aliyefundisha kwamba mutu hatafuti raha kwanza, anatafuta mwenzake. Tuchukue mufano. Mutoto wa mama mwenye huzuni hujifunza kumuchangamsha mama yake. Akiisha kukomaa, atachangamsha kila mutu, hata munganga. Na munganga, pasipo kujua, atafurahi kuchangamshwa. Ndipo kazi inapoanza: wote wawili walitazame jambo lile lililotokea kati yao.

Kitabu hiki ni kizuri, na tunakisifu. Lakini sisi tunaosema kila siku kwamba mutu ni watu, tusikimbilie kushangilia. Tuna maulizo mawili.

La kwanza: mwili umewekwa wapi? Mitchell hakuukana, anasema tamaa yake inapata maana katika maisha pamoja na wengine. Vema. Lakini njaa inamusukuma mutoto mbele hajajua maana yake. Tena Jay Greenberg, aliyeandika pamoja naye kitabu cha mwaka 1983, alirudi kufundisha mwaka 1991 kwamba mutu ana misukumo yake ya ndani, ingawa si ile ya Freud. Basi ulizo hili halijafungwa.

La pili: kama wote wawili wanaguswa, je, wako sawa? Mwaka 1932, Ferenczi wa Budapest alijaribu kubadilishana nafasi na mugonjwa wake, kila mumoja amutunze mwenzake kwa zamu. Yeye mwenyewe aliandika katika daftari lake magumu aliyoyaona. Lewis Aron, katika kitabu cha mwaka 1996, alipambanua vizuri: kuguswa ni kwa wote wawili, lakini daraka si sawa. Munganga ndiye anayelinda kazi.

Sisi mapadri na wakatekista si waganga, na kitubio si sikanalizi. Hata hivyo, kila anayepokea watu wenye mashaka ajiulize: mutu huyu ananifanya niwe nani mbele yake, baba mukali ao mwokozi? Nami ninapendezwa? Anayejizania kuwa kioo hataona namna anavyomuumiza mwenzake. Na yule anayemutwika mwenzake mizigo yake mwenyewe amemunyanganya musaada aliokuja kuutafuta.