Jina Linapokatwa Mwishoni: Uhakiki wa Programu ya Kusimamia Mafaili kwa Mtumiaji wa Kiswahili

Ujanibishaji wa programu za kompyuta kwa Kiswahili umeshughulikia zaidi msamiati. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na baadaye Microsoft ikaipa Windows kiolesura cha Kiswahili. Kazi hizo zilihitaji uamuzi kuhusu istilahi: folda au kabrasha, faili au jalada. Uamuzi huo ni wa msingi, lakini hautoshi. Uhakiki huu unaonesha kuwa kipo kikwazo cha kisintaksia: namna programu inavyoonesha jina la faili haiendani na muundo wa kirai nomino cha Kiswahili.

Katika Kiswahili, nomino kuu kwa kawaida hutangulia na vibainishi vyake hufuata. Kwa sababu hiyo, taarifa inayotofautisha waraka mmoja na mwingine mara nyingi hukaa mwishoni. Mathalani, ofisi ya kata ya Mlangali, wilayani Ludewa mkoani Njombe, ikihifadhi mihtasari ya robo nne za mwaka kwa vichwa vyake kamili, kila jina litaanza na “Muhtasari wa Kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata ya Mlangali”, ndipo lifuate “Machi 2024”, “Juni 2024”, “Septemba 2024” au “Desemba 2024”. Maneno 11 ya mwanzo yanafanana. Tofauti imo katika mwezi pekee.

Safu ya majina inapokuwa finyu, File Explorer ya Windows hukata mwisho wa jina na kuweka nukta tatu. Mafaili yote manne hubaki na sura moja. Yakipangwa kwa jina, Desemba hutangulia, kisha Juni, Machi na Septemba. Karani anayetafuta kikao cha kwanza cha mwaka atafungua faili la kwanza na kukuta muhtasari wa kikao cha mwisho.

Athari yake si usumbufu tu. Muhtasari ni ushahidi wa maamuzi ya kata. Ukiambatishwa wa robo nyingine kwenye barua ya kwenda halmashauri, au ukifutwa usiostahili kufutwa, kosa litahesabiwa kuwa la karani, ilhali skrini ndiyo iliyomficha tofauti.

Huweza kujibiwa kuwa mtumiaji apanue safu, aweke kielekezi cha kipanya juu ya jina hadi lionekane lote, au aanze jina kwa tarakimu, kama vile 2024-03. Mbinu hizi zinasaidia, na ya mwisho hurekebisha hata mpangilio wa miezi. Hata hivyo, zote humtwisha mtumiaji kazi iliyopaswa kufanywa na programu. Isitoshe, hiyo ya mwisho huufanya waraka mmoja uwe na jina moja katika jalada la masijala na jingine katika kompyuta.

Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, jina likatwe katikati, kama ifanyavyo Finder ya macOS, ili mwanzo na mwisho vionekane. Suluhisho hili nalo lina mpaka wake: tofauti ikiwa katikati ya jina, kwa mfano katika jina la kamati, itafichwa. Bora zaidi programu ilinganishe majina yaliyomo katika folda moja na kufupisha sehemu inayofanana pekee. Pili, programu itambue majina ya miezi ya Kiswahili inapopanga mafaili. Hili haliko mbali na uwezo uliopo, kwani Windows tayari huweka 2 kabla ya 10, ingawa kwa kufuata tarakimu ya kwanza 10 ingetangulia.

Kwa hiyo, ubora wa ujanibishaji usipimwe kwa idadi ya menyu zilizotafsiriwa pekee. Upimwe pia kwa kuangalia iwapo mtu anayeandika kwa kufuata sarufi ya lugha yake anaweza kuliona, kulitofautisha na kulipata faili alilolipa jina mwenyewe.