Hongera, Muuguzi wa Mount Druitt

Pongezi nyingi hupewa madaktari. Hizi ni za muuguzi. Katika kituo cha afya cha HealthOne Mount Druitt, magharibi mwa Sydney, yupo muuguzi anayewaunganisha daktari wa familia, hospitali na wahudumu wa jamii, ili mwenye kisukari na maradhi ya moyo asisimulie historia yake upya kila mlango anaobisha. Serikali ya Australia ilijaribu mfumo wa aina hiyo mwaka 2017 hadi 2021, na tangu Oktoba 2023 mgonjwa anaweza kujisajili kwa kliniki moja kupitia mpango wa MyMedicare. Vyema, ila mimi namthamini muuguzi kuliko fomu. Na mama wa Kikongo asiyejua Kiingereza? Daktari huweza kuomba mkalimani wa Kiswahili kwa simu, bila malipo, mwanawe asibebeshwe siri za mwili wa mamaye.