Ukuta wa Potopoto

Anayejijengea nyumba Kasongo au Kabambare, huku mashariki mwa Kongo, mara nyingi hana habari na mbao za jipsamu. Ana miti, fito, kamba za porini na potopoto. Nami nikiutazama ukuta wake uliokamilika, simwonei huruma.

Nguzo zikishasimama, fito hufungwa kwa kulala, ndani na nje, na katikati hubaki nafasi ya kushika udongo. Udongo wa kichuguu unapendwa, kwa kuwa mchwa wamekwisha kuuchambua: laini, wenye kunata. Hukanyagwa kwa miguu mpaka usibaki na bonge kavu hata moja. Kisha mmoja husimama ndani, mwingine nje, kila mmoja akishindilia donge lake mpaka yakutane katikati. Asiyejua hupaka juu ya fito tu, akawaachia panya ukumbi.

Tabaka la kwanza likikauka hupasuka. Lazima lipasuke, maji yanatoka na udongo unajikunja. Mwenye pupa huziba nyufa zingali na unyevu, nazo hurudi palepale. Mjuzi hungoja. Ukuta ukigongwa na kutoa sauti kavu, huunyunyizia maji, akaleta udongo wenye mchanga zaidi na kuusukuma kwa kidole gumba ndani ya kila ufa. Mwisho ni kiganja kilicholowa, kikizunguka polepole, halafu pemba, udongo mweupe wa kupaka.

Nyumba za pembe nne zenye baraza zilishamiri hapa zama za Waungwana, watu wa misafara ya pwani, pale mfanyabiashara Tippu Tip alipoifanya Kasongo makao yake. Majeshi ya Dhanis, kamanda wa Dola Huru ya Kongo, yaliuteka mji Aprili 1893. Mwaka uliofuata, Augustine Sackett alipata hataza Marekani ya ubao wa plasta na karatasi, mzazi wa mbao za jipsamu za leo. Kabla ya hapo mafundi wa huko nao walipiga plasta juu ya fito nyembamba, tabaka juu ya tabaka, wakingoja likauke. Ubao ulikuja kuwaondolea kungoja; lakini maungio yake hadi leo hupakwa lipu mara mbili tatu, na kila mara hungojewa yakauke. Haraka ina mipaka yake hata Marekani.

Wewe unayetaka kukandika mwaka huu, kusanya fito mapema na uanze mwezi wa sita, kiangazi kikiwa kimeshika. Na upanue paa lipite ukuta vizuri, maana mvua ikirudi mwezi wa tisa huanza kula potopoto kutoka chini.