Biskuti Inayobeba Yai Zima

Wiki ya mwisho ya Kwaresima, majiko ya Sicily huanza kunukia limau. Katika kisiwa hicho cha kusini mwa Italia, Pasaka haiingii nyumbani bila biskuti kubwa yenye yai zima juu yake, yai na ganda lake, lililofungwa kwa vipande viwili vya unga vilivyopishana msalaba. Wengi huiita cuddura cu l'ova. Palermo husema pupu cu l'ovu, na upande wa Catania utasikia pia aceddu cu l'ova, maana huko wanapenda kuikata umbo la ndege. Majina ni mengi, kazi ni moja.

Asili ya yai hilo haina fumbo. Kwa karne nyingi Kanisa lilikataza mayai wakati wa Kwaresima, pamoja na nyama. Kuku hawakupata habari. Majira ya kuchipua, mchana unaporefuka, ndipo wanapotaga kwa wingi, kwa hiyo mayai yalirundikana vikapuni bila mlaji. Pasaka ilipofika yalitoka yote kwa mpigo, mengine ndani ya unga, mengine juu yake. Kwa Wakristo yai lilikuwa pia alama ya kaburi lililofunguka. Katika mji wa Piana degli Albanesi, karibu na Palermo, ambako wakazi wana asili ya Kialbania, mayai ya Pasaka hupakwa rangi nyekundu na kugawiwa watu.

Bibi ninayemtazama Catania ameamka mapema, na kazi yake ya kwanza ni hayo mayai. Ameyatoa kwenye friji tangu usiku, kwa sababu yai la baridi likitiwa ghafla kwenye maji ya moto hupasuka. Anayaweka kwenye sufuria, anayafunika kwa maji ya bomba, ndipo anawasha moto. Yakichemka kwa dakika chache anayatoa, anayapoza, kisha anayafuta moja moja kwa kitambaa na kuyageuza kwenye mwanga wa dirisha. Lenye ufa, hata wa unywele, linatengwa kwa ajili ya saladi. Wapo wanaotumia yai bichi na kuliacha liive ndani ya oveni. Yeye hapendi bahati nasibu.

Kisha mizani. Unga wa ngano laini, gramu 500. Sukari 150. Mafuta ya nguruwe 150, meupe, yaliyoganda. Mayai mawili, maziwa kidogo, chumvi kidogo, na ganda la limau moja lililokunwa. Sicily ndiyo inayolisha Italia malimau, na bibi hulikuna kwa adabu: anapitisha tunda kwenye paruzi mara moja tu kila upande, akichukua rangi ya njano na kuuacha utando mweupe wa chini, ambao ni mchungu. Limau likishatoka mikononi mwake limebaki jeupe, na halina hata mchubuko mmoja wa kina.

Kitu cha mwisho kinakaa kwenye kopo lililofungwa barabara. Ni amonia ya waokaji, unga mweupe wenye harufu kali inayotoa machozi. Anapima gramu chache, anazikoroga kwenye maziwa ya uvuguvugu, na kabla ya hapo ameshafungua dirisha. Amonia hii ikipata joto hugeuka yote kuwa hewa: gesi ya amonia, kaboni dayoksaidi na mvuke. Hakuna kinachobaki ndani ya biskuti isipokuwa vitundu vidogo vidogo vinavyoifanya iwe kavu na nyepesi mdomoni. Ndiyo maana inafaa biskuti zilizo bapa na haifai keki nene, kwa kuwa katika keki gesi hunaswa katikati na harufu ikabaki. Ndiyo maana pia hakuna mtoto anayeruhusiwa kuonja unga mbichi.

Anachekecha unga wa ngano mezani, juu ya marumaru, anatia sukari, kisha mafuta. Hakandi. Anafikicha kwa ncha za vidole, akinyanyua na kuachia, mpaka mafuta yote yamevikwa unga na lundo zima limekuwa chenga zinazofanana. Kiganja hakigusi, kwa kuwa kiganja kina joto na mafuta yatayeyuka. Katikati anafungua shimo, anamimina mayai, maziwa na ganda la limau, kisha anakusanya kutoka kingoni kwenda ndani. Mkono unafunga, unageuza, unafunga tena. Mjukuu wake, msichana aliyekuja kujifunza, ananyoosha mikono aendelee.

"Acha," bibi anamwambia.

"Bibi, mbona bado haujashikana?"

"Umeshikana. Wewe ndiye hujaridhika."

Kwa aliyezoea kukanda maandazi, agizo hilo ni la ajabu. Unga wa maandazi tunaukanda mpaka uvutike, kwa sababu tunataka uumuke na kutuna. Huu hautakiwi kuvutika hata kidogo. Ngano ikikandwa sana hujenga nyuzi zinazovutana, na unga wenye nyuzi ukiingia motoni hujikunja: bawa linafupika, mdomo wa ndege unapinda, na biskuti inakuwa ngumu. Kazi ya mafuta ni kuzizuia nyuzi hizo, na kazi ya mpishi ni kutoyaharibia mafuta kazi. Donge lililoko mezani lina mabaka na nyufa ndogo pembeni. Bibi analifunika na kuliweka kwenye friji kwa nusu saa. Likitoka, mabaka hayapo tena, na hakuna aliyeligusa.

Sasa fimbo ya kusukumia. Anaanza katikati na kwenda nje, anageuza unga robo duara, anarudia. Kila mara anapitisha vidole kwenye ukingo kupima unene, na anausimamisha kwenye sentimita moja hivi. Unene huo haupimwi kwa rula, lakini hauchezi. Sehemu iliyo nyembamba itaungua kabla ya iliyo nene kuiva, na umbo la njiwa, ndege anayemkata leo, lina sehemu nyembamba nyingi: mdomo, mkia, ncha za mabawa. Kwa hiyo ncha zote anazikata pana kuliko jicho linavyotaka. Njiwa wake wa unga mbichi anaonekana mnene na mzito. Akishaumuka na kuiva ndipo anakuwa sawasawa.

Anakata kwa kisu kidogo, bila kigezo cha karatasi. Mkono unatua kwenye kifua, unapanda shingoni, unazunguka kichwa, unateremka mgongoni mpaka mkiani, na kisu hakinyanyuliwi hadi kimerudi kilikoanzia. Manyoya anayatengeneza kwa mkasi: anaulaza karibu ulale juu ya unga, anabana kijipande, anainua ncha yake kidogo tu, kisha anasogea. Mstari wa pili unaangukia kati ya nafasi za mstari wa kwanza, kama vigae vya paa. Jicho ni punje ya karafuu, itakayotolewa kabla ya kula.

Kisha anachukua yai. Kwanza anabonyeza kifua cha njiwa kwa kidole gumba, akitengeneza bonde la kina kidogo. Yai likikaa juu ya unga tambarare litabingirika, na bonde likizidi kina, kitako kitakuwa chembamba na kitapasuka trei ikiinuliwa. Anaweka yai, analisukuma kidogo mpaka lisitikisike, kisha anasokota vipande viwili vya unga vyenye unene wa penseli. Cha kwanza anakilaza juu ya yai bila kukivuta. Cha pili kinapita juu yake. Miisho yote minne anaibandika kwa kidole kilicholoweshwa maziwa. Kipande kilichovutwa hukatika ndani ya oveni, kwa sababu unga unajaribu kurudi ulivyokuwa. Msichana anavuta cha kwake na bibi anakiona kutoka upande wa pili wa meza. Anakibandua na kumpa kingine bila kusema neno.

Idadi ya mayai nayo ina kanuni. Kwa desturi ni witiri: moja, matatu, matano, au zaidi, kulingana na heshima ya mpokeaji. Mtoto hupata biskuti yenye yai moja. Msichana aliyeposwa alikuwa akimtengenezea mchumba wake moyo mkubwa wenye mayai kadhaa, na familia ya mwanamume ilipata nafasi ya kuhesabu.

Mwisho ni rangi. Kiini cha yai kinapigwa na kijiko cha maziwa, na bibi anakipaka kwa brashi laini kwenye unga peke yake, akizunguka ganda la yai bila kulichafua, kwa kuwa kiini kilichokaukia kwenye ganda huungua na kuacha doa. Kabla hakijakauka ananyunyizia diavolina, chembe ndogo za sukari za rangi nyingi, kutoka juu ili zitawanyike. Trei inaingia kwenye oveni iliyokwisha kufikia nyuzi 180. Baada ya dakika kumi hivi amonia inajaa jikoni na kila mtu anajitenga na mlango wa oveni. Hewa inasafika, harufu ya limau inarudi, na baada ya dakika nyingine kumi au kumi na tano anainua ukingo wa biskuti moja kwa kisu kuangalia chini. Chini kukiwa na rangi ya asali, zinatoka. Haziguswi mpaka zipoe, kwa kuwa zikiwa moto hukatika shingo.

Anayetaka kuzijaribu Dar es Salaam au Mombasa asiogope mafuta ya nguruwe, maana hata Sicily siku hizi wengi hutumia siagi. Amonia ikikosekana, beking pauda itafaa, ingawa biskuti itakuwa laini zaidi na haitakauka vile. Tatizo letu litakuwa joto. Anza na moyo wenye yai moja, ndege atakuja baadaye. Na unga ukianza kulainika mikononi, usiongeze ngano. Urudishe kwenye friji, ukanawe mikono, usubiri.