Kongole, Waongoza Wageni wa Mang'ula

Mang'ula ni mji mdogo chini ya milima ya Udzungwa, mkoani Morogoro, na waongoza wageni wake wanastahili pongezi. Alfajiri, umande ungali majanini, hutembea polepole wakitanguliza masikio. Hondohondo akikaribia, husikia mvumo wa mabawa yake kabla ya kumwona, kisha humwonyesha mgeni pa kuelekeza darubini.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, wanakoongoza wageni, ilianzishwa mwaka 1992. Mwaka mmoja kabla, watafiti walishtushwa na miguu ya ajabu ndani ya sufuria ya kambini; ndivyo kwale wa Udzungwa, ambaye wanasayansi hawakumjua, alivyogunduliwa. Wenyeji walikwishamla!

Ukifika, ajiri mwenyeji. Masikio yake yanaishinda darubini yako.